Kuhusu Beki Wetu Djamali, Ambaye Pia ni Mkwe Wangu

Kindu, komini ya Mikelenge
Jumanne, baada ya sala ya alasiri

Kwa Bwana Roger,
Rais wa timu ya Nyota ya Lualaba,
dukani kwake, nyuma ya gare

Bwana Rais,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, wewe na mama watoto, na biashara ya saruji iwe inakwenda. Mimi ni mzima, isipokuwa goti na hasira. Juzi ulinisimamisha sokoni mbele ya wauza samaki ukaniambia, kwa sauti ya mtu mwenye haraka: "Papa Soudi, tia mukono kwa ile karatasi, ndege iko Ijumaa." Sikukujibu. Niliinua kichwa nikaenda zangu, na watu wakadhani nimekosa la kusema. Sikukosa. Nilikuwa karani wa gare, stesheni yetu ya treni, kwa miaka thelathini na mmoja, Bwana Rais, na karani hajibu mambo ya kazi akiwa ameshika samaki mkononi. Anajibu kwa maandishi. Basi maandishi ndiyo haya.

Jambo lenyewe unalijua, lakini nalirudia kwa utaratibu ili mwanakamati asije akasema hakuelewa. Timu moja ya Lubumbashi inamtaka Djamali, beki wetu wa kati, jezi namba tano. Wanampa mkataba wa miaka miwili na nyumba ya kukaa. Djamali ni mume wa binti yangu Safia, kwa hiyo akienda, Safia naye anakwenda. Na mkataba wake na Nyota, niliouandika mimi kwa mkono wangu nikiwa katibu wa timu, unasema hatoki bila sahihi ya baba mkwe wake. Baba mkwe ni mimi. Sahihi sitii. Sababu zangu nimezipa namba, ili tuheshimiane.

LALAMIKO LA KWANZA. Kamati inazungumza habari za ulinzi kana kwamba hapa mjini hakuna mtu anayeujua.

Wewe wakati wa vita ulikuwa Kisangani kwa kaka yako. Sikulaumu, kila mtu alikimbilia alikokuwa na ndugu, na mimi ndugu zangu wote walikuwa hapahapa. Acha basi nikueleze. Mwaka ule mbaya mji ulikuwa umezungukwa. Anayetoka kwenda shambani hana hakika ya kurudi, na anayerudi anakuta mlango wa nyumba majirani wameshaufanya kuni za kupikia. Treni ilikuwa imesimama miaka, majani yameota katikati ya reli, mbuzi wanalishwa pale ambapo mimi nilikuwa nikipokea mabehewa. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta na bila chumvi. Lakini Jumapili tulicheza mpira. Ukiniuliza kwa nini, sijui vizuri mpaka leo. Nadhani watu walitaka, kwa saa moja na nusu, waogope goli tu basi. Na uwanja ulijaa, hata wagonjwa walibebwa.

Kupanga kikosi wakati ule haikuwa kazi ya kuchagua. Tulihesabu waliobaki. Kipa wetu alikuwa amekwenda Kailo kutafuta muhogo, akarudi baada ya miezi minane akiwa na mke. Winga wa kulia aliingia msituni. Tukabaki kumi. Kocha wetu wa siku zile, marehemu Michel, akanitazama nilivyokaa pembeni na goti langu lililovimba tangu nilipoanguka kutoka kwenye behewa, akasema: "Soudi ataingia beki. Huyu hata akitaka kukimbia, hawezi." Watu walicheka sana. Mimi nililipokea kama sifa, na bado nalipokea hivyo.

Nilicheza mechi kumi na nne. Magoli niliyoyazuia sikuyahesabu, kuna wanaosema hayakuwepo ya kuhesabu. Niliyoyafunga ni matatu, yote kwenye goli letu, na moja lilikuwa la kichwa, zuri kwelikweli, hata wapinzani walikuja kunipa mkono. Lakini nilitoka na elimu. Nilijifunza kwamba beki mzuri si mwenye mbio wala mwenye akili. Beki mzuri ni mtu ambaye hana mahali pengine pa kwenda. Elimu hii, Bwana Rais, ndiyo msingi wa barua yote.

LALAMIKO LA PILI. Nimesikia, na jina la msemaji ninalo, kwamba "mikataba ya Soudi njo ilituua." Hilo ni neno zito. Nalikubali kwa sehemu.

Siku zile za vita timu ya Alunguli, ng'ambo ya mto, ilianza kunyemelea wachezaji wetu. Nikaona tuwafunge kwa maandishi. Pesa hatukuwa nayo. Kila mchezaji alipewa kikombe kimoja cha chumvi, aliyoitoa mke wa kocha, sijui alikuwa ameifukia wapi, na karatasi moja ya kutia mkono. Sasa kwenye karatasi lazima uandike mkataba unakwisha lini. Miaka mingapi? Nani alikuwa na hakika ya mwezi ujao? Nikawaza, nikawaza, halafu nikaandika kwa mwandiko wangu wa gare, ule wenye mikia: "Mkataba huu utakwisha siku treni itakapoingia Kindu."

Nilijiona mjanja kupita watu wote. Hebu fikiri. Katika mji mzima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akilipwa, au tuseme akingoja kulipwa, ili aamini kwamba treni itarudi. Mtu huyo ni mimi. Kila asubuhi nilikwenda kufagia dirisha la tiketi. Na mtu huyohuyo, mchana, aliketi akawafunga vijana kumi kwa dhamana ya kwamba haitarudi kamwe.

Vita vikaisha. Jumapili moja tulikuwa tunacheza na Alunguli wenyewe, kipindi cha pili, tunaongoza moja kwa bila. Ikasikika filimbi kutoka upande wa kusini. Tulidhani ni mwamuzi. Mwamuzi naye aliiangalia filimbi yake. Ikalia tena, ndefu, ya kutetemesha kifua. Halafu akina mama wakapiga vigelegele, wakaanza kukimbilia gare na watoto mgongoni. Louis, beki wetu wa kati wa wakati huo, akavua jezi. Akaikunja vizuri kama nguo ya Idi, akaiweka pale penye alama ya penalti, akaja mpaka kwangu na kunipa mkono. "Papa Soudi, treni njo ile. Kontra imekwisha. Aksanti kwa chumvi." Nyuma yake wakaja mabeki wengine watatu, mmoja mmoja, kwa adabu zao zote. Tulimaliza mechi tukiwa saba. Alunguli walifunga magoli tisa, na lile la tisa alilifunga mtu aliyekuwa akizungumza na mwenzake habari nyingine.

Treni ilikaa siku tatu. Siku tatu hizo nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwasihi. Wapi! Siku ya nne nikafungua dirisha la tiketi, na wa kwanza kwenye foleni walikuwa wao, safu yangu nzima ya ulinzi, wamejipanga mstari ulionyooka kuliko siku yoyote niliyowaona uwanjani. Ni mimi niliyewakatia tiketi. Louis alikwenda Kongolo, na wengine walipanda wakashuka sijui wapi.

Tangu siku hiyo ulinzi wetu haujapona. Nikimfundisha kijana kuruka, anakwenda Kalima kuchimba kasiterite, yale mawe ya bati. Nikimfundisha kukaba, anakwenda mji wa Kama kwenye dhahabu. Twaibu, yule wa kushoto, aliondoka wakati wa mapumziko. Alisema anakwenda kunywa maji, tukapata habari zake baada ya mwaka.

LALAMIKO LA TATU ni juu ya Djamali mwenyewe, na hapa naomba kamati ikae vizuri.

Mtu huyu nilimgundua mimi. Hakuletwa na wakala, hakuletwa na simu. Nilikuwa naketi kwenye mteremko wa njia ya Kailo nikipumzisha goti. Baiskeli ya mfanyabiashara, yenye bidoni sita za mawese, madumu yaliyojaa, ikamponyoka mwenyewe huko juu, ikaja kasi, watu wakaruka mtaroni. Kijana mmoja hakuruka. Alisimama katikati ya njia, akaipokea kwa kifua, akarudi hatua mbili, akaituliza. Hata tone halikumwagika. Halafu akamrudishia mwenyewe na kumwomba radhi, kwamba labda ameikunja kengele. Nikasema moyoni, huyu ni beki, na tena ana adabu. Nikamleta nyumbani, mke wangu Mwanvua akampa wali na samaki, Safia akamletea maji ya kunawa.

Nikaanza kuwaza nitamfunga kwa kitu gani. Treni ilikuwa imeshaniaibisha. Chumvi siku hizi iko kila duka. Ndipo nilipofikiria ukwe. Wewe mila zetu unazijua. Mkwe hamtazami baba mkwe usoni. Habishani naye, hali naye sahani moja, na jambo gumu halisemi kwa mdomo wake, anamtuma mtu. Nikajiuliza, ni mkataba gani duniani wenye nguvu kama huo? Wazungu wana wanasheria, sisi tuna aibu. Nikaamua kumpa binti yangu.

Nilidhani nimepanga mimi. Nikaenda mbio huku na huko, nikamtuma huyu, nikamshawishi yule, nikamwambia Mwanvua asimwambie Safia mapema asije akashtuka. Baadaye nikaja kujua kwamba Safia na Djamali walikuwa wamepatana miezi minne kabla, na kwamba siku ile ya baiskeli kijana alikuwa anatoka kwetu, mimi nikiwa sipo. Mikelenge nzima ilijua. Mimi ndiye niliyekuwa afisa wa usajili.

Siku ya ndoa nilimwomba shehe aongeze sharti moja la mpira. Akanijibu mbele za watu: "Soudi, hii ni ndoa, haiko mechi." Sikukata tamaa. Baada ya pilau nilimvuta Djamali pembeni, nikampa karatasi ya timu, kwamba hataondoka Nyota ila kwa sahihi ya baba mkwe. Alitia mkono akitazama chini. Hakusoma. Utasomaje mbele ya mkwe wako siku ya harusi? Nilirudi kwa wageni nimevimba kwa furaha, nikawaambia kwamba safari hii mkataba hauna tundu.

Na sasa sikiliza tabia yake, Bwana Rais, uone kama mtu anaweza kuivumilia. Tangu barua ya Lubumbashi ije, ni wiki tano, hajaniambia neno. Alimtuma dada yangu Sharifa. Sharifa alikaa kwangu saa nzima akizungumzia mvua, na mwisho akasema Lubumbashi hakuna mvua sana. Nilielewa, nikajifanya sikuelewa. Basi nilitegemea kijana akasirike. Acheze vibaya, alete kiburi, asinisalimie, nipate pa kushika. Hakuna. Bati langu lilipotoboka alipanda akaziba. Ijumaa analeta samaki. Jumapili iliyopita aliruka kichwa na mtu mwenye urefu wa nguzo, akashuka na damu kwenye nyusi, tukashinda. Ananitendea wema mpaka nashindwa kulala. Huo si ulinzi, huo ni uonevu.

Safia naye kila asubuhi ananiletea chai. Zamani alikuwa akikaa, ananieleza habari za jirani, ananicheka nikilalamikia mwamuzi. Sasa anaweka kikombe, anasema "Shikamoo baba", anaondoka. Kaka zake wawili wako Goma, wana miaka mingi hawajatia mguu hapa, wananipigia simu siku ya Idi. Mtoto niliyebaki naye ni huyu. Naandika wazi kwa kuwa hii ni barua rasmi: chai hiyo haipiti kooni.

LALAMIKO LA NNE. Mlisema kwenye kikao, na kocha wetu wa sasa Gédéon alisimama kabisa kulisema, kwamba mtu hafungwi, mtu anakaa pale anapopenda.

Vizuri. Nalichukua neno lenu na kulirudisha kwenu. Mke wangu Mwanvua ni mkunga. Nusu ya wachezaji wenu wa leo, vichwa vyao alivipokea yeye. Vita vyote alikaa Kindu na mimi. Wakunga wengine waliondoka, yeye alibaki. Hakuwa na mkataba, hakupewa hata kikombe cha chumvi. Alibaki kwa mapenzi. Nimewaeleza watu hadithi hii miaka yote, misibani na harusini, na hakuna aliyewahi kunipinga. Kwa hiyo, kama Djamali anaipenda Kindu, na akae kama alivyokaa Mwanvua. Na kama haipendi, basi ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutomwachilia, kwa maana atakwenda kuisema vibaya.

LALAMIKO LA TANO halipo. Namba tano ni ya Djamali, sitaki kumpa mtu mwingine.

LALAMIKO LA SITA ni maombi. Ninaiomba kamati ya Nyota ya Lualaba, kwa heshima, ipitishe yafuatayo kabla ya Ijumaa.

Kwanza, jibu la Lubumbashi liwe hapana, liandikwe kwa upole. Ninaweza kuliandika.

Halafu, tangu sasa beki yeyote anayetaka kuvuka mto, hata kwa msiba, aache viatu vyake vya mpira nyumbani kwangu.

Mabeki wote wajao wasajiliwe kwa njia ya ndoa. Mimi nimeshatoa binti yangu, sina mwingine. Wewe Rais una mabinti wawili wakubwa, na upande wetu wa kushoto uko wazi tangu Twaibu alipokwenda kunywa maji. Sitaji jina, ila Yvette ana miaka ishirini na mitatu.

Safia aandikwe kwenye orodha ya wachezaji na apewe kadi. Beki asiyekula haruki, na anayempikia beki ni sehemu ya ulinzi. Akishakuwa na kadi, naye hatoki bila sahihi.

Inafuata habari ya mtoto. Safia ana mimba ya miezi sita. Mwanvua, ambaye mkono wake haujawahi kukosea, anasema mtoto anapiga teke upande wa kushoto. Mabeki wenye mguu wa kushoto ni adimu hapa kuliko treni. Naomba mtoto huyu asajiliwe mapema, akiwa bado humo humo, kabla watu wa Lubumbashi hawajamwona. Muda wa mkataba tuuache wazi kwanza, mambo ya muda yameshanifunza. Nimeshapima jezi yake. Ni kitambaa cha leso moja.

Mwisho kabisa, ikiwa hayo yote yanapita uwezo wa kamati, basi naomba kamati iandikie uwanja wa ndege kwamba Ijumaa kutakuwa na upepo.

Bwana Rais, najua utasema Soudi amezeeka na mpira umempanda kichwani. Ni kweli umepanda, na hapo kichwani haukukuta mengi. Lakini timu bila beki ni mlango bila komeo, na mtu aliyewahi kuwakatia tiketi mabeki wake mwenyewe hawezi kuombwa afanye hivyo mara ya pili. Nimemaliza. Naomba barua hii isomwe kikaoni kwa sauti, na asomaye asiruke palipo na mikia.

Nisalimie mama Yvette na nyumba yote. Nisalimie kocha Gédéon, mwambie sina kinyongo, isipokuwa kidogo. Nisalimie wapiga ngoma wa uwanjani, upande wa jua, na yule mama Françoise anayeuza karanga mlangoni, ambaye huwa anafunga macho wakipiga kona. Nisalimie hata mwamuzi.

Ni mimi ninayebaki mahali pangu bila kusogea,

Soudi Amuri
Katibu wa timu, karani mstaafu wa gare,
beki wa kulia wa zamani kwa ajili ya dharura

Nyongeza, Jumatano asubuhi.

Bwana Rais, barua hii sikuituma jana. Nilitaka kwanza nimsomee Mwanvua, anisahihishie maneno. Alikuwa anachagua mchele uani. Nilimsomea yote, kwa sauti ya kikao. Hakucheka hata pale pa mtoto, na pale ndipo nilipokuwa nimetegemea. Alipomaliza ungo wake akaniambia nirudie lile lalamiko la nne, linalomtaja yeye. Nikarudia. Akatoa kijiwe kimoja kwenye mchele, akakitupa. Halafu akasema, bila ukali wowote: "Soudi, mimi sikubakia juu ya kukupenda. Kukupenda, nilikupenda. Lakini nilibakia juu weye ulikatala niende."

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau. Mwaka wa pili wa vita walikuja watu wa afya na ndege, wakitafuta wakunga wa kwenda Bukavu mwaka mzima, wafundishwe jinsi ya kumwokoa mama anayetoka damu. Waliandika jina lake kwenye orodha. Wakasema mume akubali. Mume alisema watoto ni wadogo, akasema njia si salama, akasema watu watamwonaje. Ukweli ni kwamba mume aliogopa kwamba akiona mji mwingine hatarudi. Akaenda mkunga mwingine. Mwanvua akaendelea kuzalisha hapa kwa taa ya mafuta na kwa yale aliyokuwa akiyajua, na kuna waliomfia mikononi. Jana alinitajia majina yao. Ni saba. Mimi miaka yote nimekuwa nikisimama harusini na kusema alikaa kwa ajili yangu, naye ameketi pale pale, anasikiliza, anakula wali wa watu.

Sikumjibu. Sikuwa na la kusema, na safari hii sikuwa nimeshika samaki.

Leo asubuhi Safia alileta chai. Nilimwomba akae. Nikaitoa ile karatasi ya kumwachilia Djamali, nikaitia sahihi juu ya sinia, mbele yake, mkia wa jina ukatoka nje ya mstari. Alinishika kichwa kama mimi ndiye mtoto. Karatasi imo ndani ya bahasha hii. Gonga muhuri leo, usingoje kesho. Malalamiko yangu yote sita, pamoja na lile la tano ambalo halipo, nayaondoa.

Tutahitaji beki wa kati. Sina jina la kupendekeza.

Mwanvua anasafiri nao Ijumaa. Anasema ni uzazi wa kwanza, mji ni wa ugeni, anataka awepo yeye mwenyewe. Miezi minne, amesema, labda zaidi. Sanduku lake liko mlangoni, limeshafungwa kamba. Sahihi yangu hakuiomba.